Daraja la Magazeti Mtaani Dunda

Issa Yunus hakuzoea kukaa. Wenzake wa bodaboda pale kijiweni Dunda walimtania kwamba hata kahawa anainywa mguu mmoja ukiwa juu ya pikipiki. Akishaswali alfajiri huyo, amekwisha toka, na kurudi kwake ni jua linazama. Mama aliyeshikwa na uchungu, mwanafunzi aliyechelewa mtihani, muuza duka anayesubiri mzigo wake kutoka stendi, wote hao walimpigia Issa kwanza, kwa kuwa wakimwita huja. Mkewe, Hajra, alikuwa akikaanga samaki sokoni. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Adila, aliyekuwa darasa la nne, msichana mwembamba mwenye maswali mengi.

Masika yakaingia kwa vishindo. Siku moja, mvua ikiwa imekatika punde tu, Issa alipakia kiroba cha mkaa akakata kichochoro nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na mbao zilizolazwa juu ya mtaro. Mbao zile watu walizivuka miaka na miaka. Siku hiyo zilikuwa zimelowa mpaka kwenye moyo wa mti. Gurudumu la mbele lilipita, la nyuma halikupita. Issa alisikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa, akadhani ni ubao. Alipotaka kuinuka ndipo alipojua kwamba ubao umevunjika, na mguu wake nao umevunjika.

Watoto wa mtaani walikimbilia kelele, na Adila alikuwa miongoni mwao. Alimwona baba yake akinyanyuliwa kutoka mtaroni, tope limemjaa hadi masikioni. Hakulia. Alisimama tu, akazitazama zile mbao.

Hospitali walimfunga hogo la plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole, hogo zito jeupe kama shina la mti lililopakwa chokaa. Daktari akamwambia wazi: hakuna pikipiki mpaka mfupa uunge, na huo utaunga ukitaka wenyewe. Issa aliporudi nyumbani akakuta watu wa mtaa wameshaleta nondo na saruji, wamemwaga zege juu ya mtaro. Pamekuwa pazuri, hata mkokoteni unapita. Alishukuru, lakini moyoni aliona kwamba zege lile limemchelewea.

Sasa akabaki na kukaa. Asubuhi Hajra akitoka kwenda sokoni, yeye alibaki barazani na magongo yake mawili, anatazama pikipiki za wenzake zikipita. Walimpigia honi kwa mapenzi, na kila honi ilimchoma. Mwanamume wa miaka yake, mzima wa mikono, anasubiri mke alete chakula! Hajra hakuwahi kutamka neno la kumuumiza. Hilo nalo lilimuumiza.

Kisha akaja mama mkwe.

Bi Somoe alitoka Pangani na kikapu chake na ukili wake wa kusuka mikeka, akasema amekuja kumsaidia mwanawe kazi za nyumbani mpaka mambo yatengemae. Alikuwa mwanamke wa watu wa mji wa zamani, mnyoofu wa mgongo, mwenye sauti ya kuamuru hata anapobembeleza. Kwa desturi waliyolelewa nayo wote wawili, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kupishana, yaani huyu akiingia, yule hutoka. Issa angepishana naye vipi na mguu ule? Wakagawana nyumba. Issa akashika baraza ya mbele, Bi Somoe akashika ua wa nyuma, na mazungumzo yao yote yakapita kwa mtoto.

"Adila, kamuulize baba yako kama amekunywa dawa."

"Adila, mwambie bibi nimekunywa, namshukuru sana."

"Kamwambie basi asiache uji upoe."

Adila alikwenda na kurudi kwenye ukumbi ule kama sindano ya cherehani.

Siku moja Adila alirudi kutoka shule, akavua viatu, akamwamkia baba yake na kukaa karibu na lile hogo.

"Baba, Mwalimu Mwishehe ametupa kazi. Kila mtu atengeneze kitu kinachosaidia watu kusafiri, kwa vitu vya nyumbani tu. Amesema hataki kuona kitu cha kununua."

"Jambo dogo hilo," Issa akasema, akachangamka kidogo. "Nitafutie waya na vifuniko vya chupa. Nitakuundia gari ambalo darasa zima halijaona."

"Magari wanaunda wote. Mimi nataka daraja."

"Daraja? Kwa nini daraja?"

Adila alichora chora sakafuni kwa kidole. "Nataka daraja lisilovunjika," akasema.

Issa akautazama mguu wake. Kumbe mtoto alikuwa amelibeba jambo lile wakati wote huo, na yeye alidhani ameshasahau. "Haya," akasema. "Kalete vitu tuone."

Ukweli ni kwamba Issa hakujua lolote kuhusu madaraja zaidi ya kuyapita. Shule aliiachia kidato cha pili, baba yake alipofariki. Lakini alikuwa na mikono, na alikuwa na muda ambao hakujua aufanyie nini. Adila akaleta chelewa alizozichomoa kwenye ufagio, vijiti vya mishikaki alivyovisuuza, na nyuzi za kiroba cha mchele. Wakapika gundi ya unga wa ngano kwenye kopo. Wakaweka makopo mawili ya maziwa, moja huku na moja kule, wakasema hizo ndizo kingo za mto.

Kufika jioni baraza ilikuwa na watoto. Rehani, mtoto wa jirani, mnene mcheshi ambaye hakuweza kupita mahali bila kuuliza kunaliwa nini, alijikaribisha mwenyewe. Samia, rafiki yake Adila, naye akaja akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Wote wakataka kupewa kazi, na Issa akawapa.

Sauti ikatoka uani. "Adila! Ufagio wangu mbona umepukutika kama kuku mgonjwa?"

Watoto wakabana vicheko. Adila akaenda, akarudi. "Baba, bibi anauliza tunajenga nini kinachokula mafagio."

"Mwambie tunajenga daraja."

Akaenda, akarudi tena. "Anasema, daraja la kwenda wapi?"

Daraja la kwanza lilipendeza machoni. Lilikuwa na miraba iliyojipanga safu, kama madirisha ya ghorofa. Wakatundika kijindoo cha kuchezea katikati, Adila akaanza kutia mchanga kwa kijiko. Kabla kijindoo hakijafika nusu, madirisha yote yalilala upande mmoja, pole pole, kama watu wanaosinzia kwenye benchi, kisha chelewa zikatawanyika barazani. Rehani akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Adila hakucheka. Alianza kuzikusanya chelewa ili azitupe. Issa akajua kwamba hapa asiposema neno la maana, kazi imekwisha.

"Usilitupe," akasema. "Tulitazame kwanza. Limelala lote?"

Wakainama wote juu ya magofu yale. Halikuwa limelala lote. Pembeni, mahali alipofunga Rehani, paliendelea kusimama imara. Issa akapasukuma kwa kidole, hapakutikisika.

"Rehani, hapa ulifanyaje?"

"Nilikosea, baba Adila," Rehani akasema, akidhani anasemwa. "Kijiti changu kilikuwa kirefu, nikakipitisha mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini."

Adila alikichukua kipande kile akakigeuza geuza. Akafunga chelewa nne, akazisukuma, zikalala. Akafunga tatu, akazisukuma, zikakataa. Akarudia tena nne, tena tatu. Uso wake ulifunguka. "Baba! Zikiwa tatu hazilali! Ya nne ndiyo inayozipa nafasi ya kuhama!"

"Haya, tuzipe kona zote kijiti cha Rehani," Issa akasema. Rehani alivimba kichwa jioni nzima.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Daraja la pili lilibeba kijindoo kizima. La tatu lilibeba ndoo ndogo ya maji. Kila jioni watoto walikuja na vitu kutoka kwao, mirija ya juisi, maboksi ya dawa ya mbu, vijiti vya aiskrimu. Issa aliwawekea sharti moja tu: daraja likivunjika, hakuna kuliokota mpaka kila mmoja aseme limeanzia kuvunjika wapi. Alijikuta akiamka na mawazo ya madaraja kichwani. Pikipiki zilipita, zikapiga honi, naye akainua mkono bila kuacha kufunga uzi.

Bi Somoe alivumilia kwa muda, kisha subira ikamwisha. Jioni moja alitoka uani hadi barazani, mtandio kichwani, akasimama mbele ya mkwe wake. Issa alishtuka, akataka kuinuka kwa adabu, magongo yakaanguka kwa kishindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, usije ukavunja na wa pili." Akaelekeza kidole kwenye fundo ambalo Samia alikuwa akilifunga. "Nimechungulia dirishani siku zote hizi, moyo unaniuma. Hilo ni fundo la kufungia mbuzi. Likivutwa linateleza. Sogea, mjukuu wangu."

Akakaa mkekani. Akawaonyesha namna mababu zake walivyofunga fito za nyumba, uzi ukipita juu, ukapita chini, ukajikaza wenyewe kila unapovutwa. Vidole vyake, vilivyozoea ukili, vilikwenda upesi hata watoto wakamwomba arudie. Alirudia. Issa akasogea naye akajifunza, na tangu siku ile Adila akapumzika kupeleka salamu.

Magazeti yaliletwa na Hajra. Yeye alikuwa akikusanya magazeti ya zamani ya kufungia samaki wa wateja, na siku moja Rehani alikunja ukurasa kama bomba ili apige kelele za tarumbeta. Issa akalichukua bomba lile, akalibinya. Gumu. Akamwomba Bi Somoe alikunje tena, lakini kwa kubana kama anavyobana ukili. Bomba lililotoka mikononi mwa Bi Somoe ungeweza kumpigia mtu.

"Mke wangu," Issa akasema Hajra aliporudi, "magazeti yako tunayahitaji."

Hajra aliangalia baraza yake, gundi sakafuni, nyuzi kila mahali, mama yake mzazi amekaa na mumewe wakibishana kuhusu mabomba ya karatasi. Alikuwa amechoka, ananuka moshi wa kuni. Akaanza kucheka, kicheko cha nguvu ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu ajali. "Nitawafungia wateja kwa majani ya mgomba," akasema. "Chukueni."

Siku ya kupeleka kazi shuleni, Adila alibeba daraja la chelewa kwenye sinia, kitambaa juu yake. Mwalimu Mwishehe, kijana mpole aliyependa kazi yake, alilitundikia ndoo na kuongeza maji hadi yakafika ukingoni. Daraja halikutingishika. Darasa zima likasimama juu ya madawati ili lione. Mwalimu akamuuliza maswali mengi, naye akajibu yote. Mwisho akamwambia kwamba siku ya wazazi ingekuwa hivi karibuni, na angependa yeye na wenzake walete daraja kubwa zaidi. "Je, mnaweza kujenga la kumbeba mtu?"

"Tunaweza," Adila akasema, kabla hajajua kama wanaweza.

Lakini maneno hayakukosekana. Mzazi mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya shule aliliona lile daraja ofisini, akalizungusha mkononi, akatabasamu. "Hii si kazi ya mtoto," akasema, Adila akiwa amesimama palepale. "Baba yake yupo nyumbani hana shughuli. Ameunda mwenyewe, mtoto anapewa sifa. Hatuwafundishi watoto kitu kwa njia hiyo."

Adila alifika nyumbani macho mekundu. Alipomaliza kusimulia, Bi Somoe alikuwa ameshavaa baibui, anauliza nyumba ya huyo mzazi iko mtaa gani. Hajra akamshika mkono.

Neno lile la "hana shughuli" lilimwingia Issa kama mwiba, hakuna asiyejua. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua zaidi. Alijiuliza: ni kweli kiasi gani? Alikumbuka vijiti alivyovishika yeye pale watoto walipochelewa, mafundo aliyoyarekebisha walipokwenda kunywa maji. Alifanya kwa mapenzi, lakini alifanya.

Siku iliyofuata, Mwalimu Mwishehe mwenyewe alikuja barazani kumpa pole. "Usiyajali maneno yale, kaka Issa."

"Hapana, mwalimu, nimeyafikiria," Issa akajibu. "Watoto walijenge palepale shuleni, mbele ya macho ya wazazi wote. Waje na mabomba yao na nyuzi zao, waanze kutoka chini. Mimi nitakaa na wazazi wenzangu. Sitagusa, wala sitasema neno."

"Likianguka je?"

"Likianguka, wataangalia limeanzia wapi."

Mwalimu akampa mkono.

Tangu siku ile, Issa alijizuia. Watoto walipofanya mazoezi, aliweka mikono chini ya mapaja. Waliuliza, "Baba Adila, hapa sawa?" naye akawarudishia, "Ninyi mnaonaje?" Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuendesha pikipiki kwenye tope. Mara nyingi aliona kosa kabla yao, ulimi ukamwasha, akaumeza. Hata hivyo siku zilivyokwenda aliona kitu: makosa aliyoyanyamazia, watoto waliyagundua wenyewe, na yale waliyoyagundua wenyewe hawakuyarudia.

Siku ya wazazi ikafika, jua limewaka baada ya mvua nyingi. Viti vilipangwa kivulini kando ya darasa. Issa alivaa kanzu iliyopigwa pasi, suruali yake imechanwa upande mmoja ili kupitisha hogo. Hajra alikaa upande huu, Bi Somoe upande ule, na yule mzazi wa kamati alikuwa viti vya mbele. Katikati ya uwanja waliweka matofali pande mbili, na nafasi kati yake ilitosha urefu wa mkeka wa kuswalia.

Adila, Rehani na Samia wakatoka na mabomba yao ya magazeti, wameyabeba begani kama kuni. Hapakuwa na mbwembwe. Wakakaa chini, wakaanza. Adila aliita, "Pembe!" na Samia akaweka bomba. "Kaza!" na Rehani akavuta uzi, ulimi nje kwa juhudi. Watu wazima walioanza kwa kupiga soga walinyamaza kidogo kidogo. Pembetatu zikapandana, ubavu huu na ubavu ule, zikaunganishwa juu na chini. Maandishi ya magazeti yalionekana kila mahali, vichwa vya habari za zamani vikiwa juu chini.

Ndipo Issa alipoona. Upande wa kushoto, karibu na katikati, hapakuwa na bomba la mshazari. Wamelisahau. Mraba mmoja mtupu, mahali penye uzito kuliko pote. Hajra alimtazama akauona uso wake. "Vipi?" akanong'ona. Issa akatikisa kichwa, akashika magongo yake kwa nguvu mpaka viganja vikauma.

Watoto walisimama. Rehani akatangaza kwa sauti kwamba daraja liko tayari. Mwalimu Mwishehe akaagiza mfuko wa mchanga uletwe. Wanaume wawili wakaubeba, wakasogea.

"Subirini," Adila akasema.

Alianza kulizunguka daraja. Alipiga magoti, akalisukuma kila mahali kwa kidole kimoja, kona kwa kona, bila haraka, kama hakuna mtu anayemtazama. Wenye mfuko walisimama na mzigo wao wakimsubiri mtoto wa darasa la nne. Alifika upande wa kushoto, akasukuma. Akasimama. Akasukuma tena.

"Samia, bomba moja," akasema. "Tumesahau mshazari."

Issa alilegeza vidole kwenye magongo. Machozi yalimlenga, akayaacha.

Bomba likafungwa. Mfuko wa mchanga ukapandishwa, daraja likapiga kelele ndogo ya karatasi inayojibana, likatulia. Wakaongeza wa pili. Likatulia. Watu wakaanza kupiga makofi. Yule mzazi wa kamati alisimama, akaenda karibu, akainama kuangalia chini kama kuna chuma. Hapakuwa na kitu ila magazeti, uzi na gundi.

"Mlituahidi mtu," mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka. Rehani akajitazama tumbo, akarudi nyuma hatua moja. Adila alivua viatu ili apande.

Kabla hajainua mguu, Bi Somoe alisimama.

"Nipisheni," akasema.

"Mama!" Hajra akamkamata baibui. "Mama, utaumia. Waache wapande watoto."

"Waliolijenga wanalijua. Wasiolijua ni hawa." Akawaelekeza wale waliokaa. "Na mimi nimewafunza mafundo, sijawafunza ujinga. Niachie nguo."

Akatembea uwanjani, mgongo umenyooka. Adila akamshika mkono, akamwambia kwa upole, "Kanyaga katikati, bibi, usiruke." Bi Somoe akavua kandambili, akasema bismillahi, akapanda. Mguu mmoja. Halafu mwingine. Daraja likalia, likainama kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kabla ya kubeba. Likambeba. Bi Somoe alisimama pale katikati, juu ya karatasi za kufungia samaki, akageuka kuwatazama watu wote wa mtaa, na wala hakuwa na haraka ya kushuka.

Vigelegele alivianza Hajra. Vikashika uwanja mzima, wanafunzi wakapiga kelele na kurusha kofia zao juu. Mwalimu Mwishehe alisahau kwamba ana kipaza sauti mkononi. Yule mzazi wa kamati alikwenda kwa Adila, akamwinamia, akasema mbele za watu, "Mwanangu, nilikosea. Nisamehe." Adila akajibu, "Nimekusamehe," kisha akamuuliza kama angependa kupanda naye. Akapanda. Alikuwa mzito kuliko Bi Somoe, na daraja halikujali.

Issa hakuweza kukimbia kwenda kwa mwanawe. Alisimama na magongo yake palepale kivulini, na Adila ndiye aliyekuja mbio akamkumbatia kiunoni nusura amwangushe.

"Uliona nilivyolisahau lile bomba, baba?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua utaliona," Issa akasema. Kisha akasema ukweli: "Sikujua. Lakini uliliona."

Hogo lilikatwa baada ya masika. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe, ukachukua muda kuzoea ardhi, na mpaka leo Issa huchechemea kidogo kukiwa na baridi. Alirudi barabarani, na wateja wake wakarudi naye. Lakini baraza haikurudi kuwa baraza tu. Kila Jumamosi watoto huja, wengine hata Issa hawajui kwao ni wapi, na chini ya ukingo wa paa vinaning'inia vipande vya madaraja yaliyovunjika, kila kimoja kimefungwa utepe mahali kilipoanzia kuvunjika. Bi Somoe alirudi Pangani, akakaa mwezi, akaja tena. Alisema amekuja kumwona mjukuu. Alipofika, alikaa barazani kabla hajaingia ndani.

Mwaka huu, Mwalimu Mwishehe alipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mwenzake anayefundisha Ubena, karibu na Chalinze. Wamesikia habari za madaraja. Je, wanaweza kuja kuwaonyesha watoto wa huko? Issa akalaza pikipiki siku hiyo, wakapanda basi yeye na Adila, mikono mitupu, maana Adila alishikilia kwamba lazima watumie vitu vya hukohuko.

Ubena hawakuwa na magazeti. Watoto walileta mabua makavu ya mahindi na kamba za katani, wakayamwaga sakafuni, wakakaa wakimtazama mgeni wao ambaye hakuwazidi urefu. Adila alisimama mbele ya ubao. Alimtazama baba yake aliyekuwa ameegemea dirishani. Issa akatazama nje, makusudi, kama mtu anayevutiwa sana na malori ya barabara kuu.

"Leo tutajenga," Adila akasema, "halafu tutavunja. Likivunjika, msiokote kitu. Nitawauliza limeanzia wapi."

Darasa likalipuka kwa furaha. Muda mfupi baadaye sakafu yote ilikuwa mabua, na kila kona palikuwa na mtoto aliyepiga magoti. Adila alipita katikati yao, akiinama hapa, akisukuma kwa kidole pale. Mvulana mmoja alimkimbilia Issa na mraba wa mabua uliokuwa ukilegea, akamuuliza aufanyeje usimame.

"Mimi dereva tu," Issa akamwambia. "Kamuulize mwalimu yule pale."

Mwalimu mkuu wa Ubena alikuwa amekuja kusimama karibu naye dirishani.

"Huyu binti," akauliza, "ni wa nani?"

"Wangu," Issa akasema. Akarekebisha kola ya shati lake, akasimama wima. "Wangu na wa mama yake, na bibi yake hatatusamehe tusipomtaja."